Machozi ya Kitunguu

Katika mji wetu mtu akifa, watu hawaulizi kwanza kafa na nini. Wanauliza, "Dansoaa kapelekewa habari?" Maana msiba bila Dansoaa haukuwa msiba, ulikuwa mkutano tu wa watu waliovaa nyeusi. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza mbolezi, zile nyimbo za kumlilia maiti. Alikuwa anasimama kando ya kitanda alicholazwa maiti, mikono kichwani, anaanza kumwita marehemu kwa majina ya bibi zake, mji waliotoka, mto waliokuwa wakichota maji. Hata kama marehemu alikuwa mlevi aliyegombana na nusu ya mji, utasikia mtu anakohoa, mwingine anapenga kamasi, na kabla hujajua linalotokea ua zima linalia.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Bi Afrakoma, ambaye aliifanya miaka arobaini hadi sauti ilipomchoka. Bi Afrakoma alikuwa na ugomvi mmoja mkubwa na dunia ya leo, nao ni spika.

"Siku hizi mtu anakufa, mnamwekea spika nne kama anafungua baa," alikuwa akisema. "Mimi nikifa, Dansoaa, uniite kwa mdomo wako. Uniite kwa jina la bibi yangu. Usiponiita wewe nitapotea njia, nirudi hapa niwasumbue."

"Wewe mama utakufa lini? Umeshatuzika wote!"

"Ahidi, usinichekee."

"Haya, naahidi."

Alisema kwa mzaha, lakini ahadi kwa mama haina mzaha, na yeye alilijua hilo.

Basi ugonjwa ulianza na ndizi. Dansoaa alikuwa akiuza maharage na ndizi za kukaanga pale njia panda karibu na shule, na ndizi zake zilikuwa na sifa. Asubuhi moja alizitia kwenye mafuta, akasimama na upawa mkononi, akaziangalia. Zikaiva, zikawa kahawia, zikawa nyeusi tii. Aliyaona yote hayo. Hakuona tu sababu ya kuzitoa.

"Dansoaa! Leo unauza mkaa?" mteja mmoja alimtania, watu wakacheka.

Dansoaa hakuwa mtu wa kukosa jibu. Kwa kawaida huyo mteja angerudi kwake ameinamisha kichwa. Siku hiyo jibu halikuja. Akaweka karai chini, akafuta mikono, akaenda nyumbani, na watu wakadhani tumbo linamsumbua.

Halikuwa tumbo. Kila siku alikuwa akiamka kabla ya jogoo, macho makavu, amechoka kama hakulala kabisa. Ndoo ya maji ya kuoga akiipasha moto, atakaa kando yake mpaka maji yapoe, arudishe ndoo mahali pake. Fufu, ule ugali wetu wa muhogo na ndizi, aliyokuwa akiipenda kufa ilikuwa mdomoni mwake haina ladha, anaimeza kwa sababu watu wanamtazama. Na kule misibani bado aliimba, kwa kuwa maneno aliyajua kwa moyo. Ila zamani alikuwa akifika jina la tatu macho yake yanajaa. Sasa alimaliza majina yote na macho yako vilevile. Watu hawakugundua. Jua letu lile, mtu akiimba uso unalowa jasho tu.

Aliyegundua ni mama.

"Nani kafa?" Bi Afrakoma aliuliza siku moja, wamekaa uani wanachambua chikichi za mchuzi.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Yule mumeo wa zamani kakuletea maneno?"

"Yule? Hata sura yake nimeisahau."

"Mwanao kule Takoradi mzima?"

"Mzima. Jana kapiga simu."

"Basi unamlilia nani?"

"Silii, mama. Ndiyo shida yenyewe. Ningelia ningeshukuru."

Bi Afrakoma akaacha chikichi. Huzuni za watu alikuwa anazijua zote: ya mjane, ya mama aliyezika kitoto kichanga, hata ile ya mrithi anayelia huku jicho moja liko kwenye nyumba. Hii ya mwanawe hakuijua, na ikamtia hofu. Akamshika mkono kwa vidole vilivyojaa mafuta mekundu.

"Keshokutwa ni Jumatano. Twende zahanati. Kuna yule muuguzi anayetoka wilayani, wanasema anaongea na watu wenye mawazo. Unanisikia? Nitakupeleka mwenyewe."

Hawakwenda. Siku ya pili yake asubuhi Dansoaa alitoka ndani na ndoo yake, akamkuta mama ameegemea ukuta wa jikoni, kapu la chikichi mapajani, kichwa kimelala upande. Chikichi chache zilikuwa zimeanguka zikabingirika hadi mlangoni. Akaita, "Mama." Akaita tena. Kisha akaweka ndoo chini, akamlaza, akamfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa, akaenda kumwamsha mdogo wake, Pomaa, na akatuma mtu kwa mjomba. Kila kitu alikifanya sawasawa.

Pomaa alipiga yowe lililosikika hadi barabara kuu ya Kumasi. Majirani wakamiminika, wengine wakajitupa chini kwenye vumbi. Dansoaa akawa anatafuta viti.

"Viti havitoshi," alikuwa akisema. "Nendeni kanisani mkaazime viti."

Alijua kuwa mama amekufa. Alilijua kama mtu anavyojua kuwa kesho ni Jumatano. Akautafuta ule uchungu ndani yake, akaupekua kila mahali, na hakuna alichokuta. Akajiona mnyama. Watu walikuwa wakimjia mmoja mmoja, wanamshika mkono, wanasema, "Pole, Dansoaa, pole sana," naye anajibu, "Asante," kwa sauti ileile anayowajibia wateja wanaomrudishia sahani.

Sasa, marehemu alikuwa na mdogo wake, Konadu. Mama mdogo huyu ana kifua cha kupiga mayowe na ulimi usio na breki, na siku ile alilia mpaka sauti ikamkauka. Aliponyamaza ili avute pumzi, akamtazama Dansoaa. Akamtazama tena. Akauliza kwa nguvu, bila kumwuliza mtu yeyote:

"Huyu mbona hana chozi?"

Ilitosha. Kwetu maiti hukaa chumba cha baridi mwezi mzima watu wakijiandaa na mazishi, na mwezi ni muda mrefu sana kwa midomo isiyo na kazi. Kisimani wakasema anawalilia wafu wa watu, wa kwake hana chozi. Sokoni wakasema siku ya tisa alionekana anakaanga ndizi. Ni kweli alikaanga. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Mwisho wakalisema lenyewe: kamla. Maana kwetu inaaminika kwamba mchawi hali mtu baki, hula wa tumbo moja naye, na asiyemlilia wake anajua kilichomuua.

Dansoaa aliyasikia. Hapo ndipo utajua ugonjwa ule ulikuwa na ukatili gani: hata hayo hayakumchoma. Alikaa akiyawaza taratibu, akaona huenda wanasema kweli. Mtu wa kawaida angekosaje kumlilia mama yake?

Ukoo ukakutana uani, chini ya uongozi wa mjomba, Mzee Badu, kaka wa marehemu, mtu wa maneno machache, mswaki wa mti haumtoki mdomoni.

"Mimi nasema mbolezi aongoze mtu mwingine," Konadu alianza. "Au tukodi spika. Siwezi kumweka dada yangu mbele ya mtu mwenye macho ya chupa."

"Mama mdogo, jamani!" Pomaa akaruka. "Kila mtu analia kwa namna yake."

"Namna gani? Ya ndani kwa ndani, kama choo cha jiji? Nyamaza wewe!"

Mzee Badu akautoa mswaki.

"Dada yangu alitaka aitwe na Dansoaa. Nilikuwepo alipoahidiwa. Ataitwa na Dansoaa." Akamgeukia mpwa wake, na sauti yake ikashuka. "Lakini mwanangu, sikiliza. Siku hiyo watu waone chozi. Wasipoliona, mimi sitaweza kuwazuia. Watakufukuza kwenye nyumba hii, na mimi mzee sina nguvu za kupigana na mji mzima. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mjomba."

Usiku wa kuamkia mazishi Pomaa alimkuta dada yake ameketi kitandani anajifinya mkono. Mkono ulikuwa umejaa alama.

"Dada! Unafanya nini?"

"Najaribu. Nimeikumbuka mikono yake. Nimeikumbuka ile safari alinibeba kwenda hospitali mguu wangu ulipovunjika, mvua inanyesha. Nakumbuka kila kitu, Pomaa. Silizuii chozi. Halipo."

Pomaa hakuelewa, lakini alimpenda dada yake na alimwogopa mama mdogo, na kulipopambazuka aliingia jikoni, akaponda kitunguu, akakifungia kwenye kitambaa cheusi na kumtia Dansoaa mkononi.

"Ukiinua mikono usoni, vuta pumzi," alisema. "Usiniulize. Watu wengi wanafanya."

Bi Afrakoma alilazwa kwenye kitanda cha shaba, kavalishwa kitambaa cha kente na shanga, uso umepodolewa hadi anapendeza kuliko alivyokuwa hai. Dansoaa akasimama kando yake. Mji mzima ulikuwa pale, na mji mzima ulikuwa unayatazama macho yake mawili. Akainua mikono, akavuta pumzi ya kile kitambaa, na macho yakawaka moto, yakamwagika.

Akaimba. Lo! Watu wanasema haijawahi kusikika mbolezi kama ile. Alimwita mama kwa bibi yake, kwa bibi ya bibi yake, kwa mto, kwa mlima, hakuruka hata jina moja. Machozi yalimtiririka hadi kwenye kanga nyekundu aliyojifunga. Konadu alikuwa wa kwanza kuanguka magotini. "Mwanangu!" alilia, "nisamehe, mwanangu!" Wale wa kisimani walikumbatiana na wale wa sokoni. Hata Mzee Badu aligeukia ukutani.

Na katikati ya hayo yote Dansoaa alisimama akinuka kitunguu, akiwaza kwamba amemwibia mama yake. Kitu kimoja tu aliomba yule mwanamke maisha yake yote, na amekwenda zake na machozi ya jikoni.

Baada ya mazishi watu walimsifu wakaenda zao. Kwao shauri lilikuwa limekwisha. Dansoaa akarudi chumbani, akalala akiangalia ukuta, na kila aliyepita alisema mwacheni, ana huzuni ya mama, itapita. Ikapita miezi miwili, mitatu. Aliacha kabisa kwenda njia panda. Karai la ndizi, karai lile maarufu, alimpa jirani. Nguo yake nzuri ya kente akampa binti wa Konadu. Shanga za kiunoni alizorithi kwa mama alimwita Pomaa akamwekea mkononi.

"Hizi za nini, dada?"

"Zako. Mimi sitazihitaji."

Alisema kwa utulivu, kama anagawa chumvi. Pomaa akazishika zile shanga, akaelewa kwamba anaagwa. Yeye peke yake katika mji mzima ndiye aliyejua yale machozi yalikuwa ya nini. Wote walidhani dada yake ameshalia, na aliyelia hupona. Yeye aliponda kile kitunguu kwa mikono yake.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Pomaa hakumwomba, alimnyanyua, akamwogesha kama mtoto, akamvalisha viatu, akampeleka zahanati.

Muuguzi kutoka wilayani aliitwa Lariba, mtu wa kaskazini, mwembamba, mwenye alama tatu shavuni na kicheko cha ghafla. Chumba chake kilikuwa stoo ya vyandarua. Akawakalisha juu ya maboksi.

"Mara ya mwisho ulifurahi lini?" alimwuliza Dansoaa.

Dansoaa akatikisa kichwa.

"Sawa. Mara ya mwisho ulihuzunika lini?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Sijui," alisema. "Kabla ya ndizi."

Pomaa akaanza kulia, akasimulia yote, hadi kitunguu. Lariba hakucheka wala hakushangaa. Alisogeza boksi lake karibu.

"Nikwambie kitu, dada yangu. Watu wanadhani una huzuni iliyozidi. Siyo. Mwenye huzuni akiletewa mtoto mchanga amshike, atatabasamu kidogo, kisha ataendelea kulia. Chakula kikinukia atajua ana njaa. Huzuni inakuja na mtu wake: unajua unamlilia nani. Wewe una ugonjwa unaoitwa sonona, na huo umekunyang'anya hata huzuni yako. Ulianza kabla mama hajafa, haukungojea msiba. Hukumla mama yako. Hukukosa kumpenda. Unaumwa, na dawa ipo."

"Ukinipa dawa nitalia?" Dansoaa aliuliza.

Miaka yote ya kazi yake, Lariba hakuwahi kuulizwa hivyo. Akafikiri.

"Nadhani utalia," alisema. "Lakini si leo wala kesho. Na lile jambo la kugawa vitu tutalizungumza sasa hivi, sisi watatu, na hamtoki hapa kabla hatujalimaliza."

Wakalizungumza. Pomaa alihamishia godoro lake chumbani kwa dada yake siku hiyohiyo.

Dawa ilichukua muda wake. Wiki za kwanza ilimkausha kinywa na kumpa usingizi mzito, akasema haisaidii, Pomaa akamwambia meza. Akasema ameichoka, Pomaa akamwambia meza. Konadu alipoziona zile tembe alisema mwanamke aliyelia vizuri vile hana haja ya vidonge, anadekezwa. Kila Jumatano wakaenda kuketi juu ya maboksi ya vyandarua.

Na unajua kilichorudi kwanza ni nini? Si furaha. Ni hasira. Mwezi wa tatu Pomaa aliunguza sufuria ya wali, na sauti ikatoka chumbani:

"We Pomaa! Pua yako iko likizo? Mwanamke mzima unapika kama unachoma taka!"

Pomaa akatoka mbio hadi uani, akacheza peke yake mbele ya kuku, mwiko mkononi. Majirani wakadhani sasa wamekuwa wagonjwa wawili.

Kisha ikarudi harufu ya samaki wa chumvi. Kisha usingizi wa kweli. Dansoaa akaenda kwa jirani kudai karai lake, wakagombana vizuri tu, akarudi nalo. Ndizi zikarudi njia panda. Watu walisema huzuni imekwisha, tulisema itapita. Lakini chozi la mama halikuja, na Dansoaa alikoma kulisubiri. Aliona labda lilipita wakati hayupo nyumbani.

Mwaka ukatimia. Kwetu mwaka ukitimia msiba unafungwa: nyeusi inawekwa ndani, watu wanavaa nyeupe, wanakwenda kanisani kutoa shukrani, wanarudi kula na kucheza. Siku hiyo kulia ni mwiko. Marehemu ameshafika, ukimlilia, unamvuta nguo arudi. Konadu ndiye aliyesimamia sherehe, na Konadu, bila kumwuliza mtu, akakodi spika nne.

Uani palikuwa peupe pote kwa nguo. Muziki ulikuwa unagonga kifua. Konadu, jasho linamtoka, alikuwa jikoni ameinamia sufuria kubwa ya mchuzi wa chikichi. Akauonja, akakunja uso, na bila kugeuka akapaaza sauti kama alivyoipaaza miaka hamsini:

"Dada Afrakoma! Hebu niletee chumvi, mchuzi umepooza!"

Waliokuwa karibu wakageuka. Mmoja akacheka kwa aibu. Konadu mwenyewe akabaki na upawa hewani.

Dansoaa alikuwa ameketi pale pale kwenye ukuta wa jikoni, anapanga sahani. Alisikia jina la mama likiitwa. Akageuza kichwa kuangalia mlangoni, kwa kweli kabisa, kama mtu anayengoja kumwona mama akitoka na kopo la chumvi, ananung'unika kwamba Konadu hajui kupika. Mlangoni hapakutoka mtu. Na hapatatoka mtu. Mama hayupo, hatakuja, si leo, si kesho, hata mchuzi upooze vipi.

Sahani zikamponyoka. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mbolezi, wala haikuwa nzuri. Ilikuwa kama ya mtoto aliyeachwa sokoni. Akajishika tumbo, akainama, machozi na kamasi vikamwagika juu ya nguo yake nyeupe.

"We! We! Nyamaza!" Konadu alimjia mbio. "Leo nyeupe! Unataka kumrudisha? Ulishalia wewe, tulikuona sote!"

"Ugonjwa umerudi," mtu akasema nyuma. "Mpeni vidonge vyake! Mwiteni yule muuguzi!"

Pomaa mwenyewe alikuwa ameshakimbilia chumbani, akarudi na chupa ya dawa. Dansoaa akamshika mikono.

"Hapana, Pomaa. Dawa nimemeza asubuhi. Huu siyo ule. Ule naujua, nimelala nao miezi na miezi, ule haulii. Huu unauma." Akavuta pumzi. Akamtazama mama yake mdogo. "Mama mdogo, siku ile sikulia. Kilikuwa kitunguu. Nilikuwa naumwa, nikawadanganya. Mama amekwenda bila chozi langu hata moja."

Waliosikia waliwaambia wasiosikia. Spika zikaendelea kupiga mdundo wa furaha juu ya vichwa vya watu waliosimama. Hapo ndipo ungetegemea Konadu aseme lile neno, kamla, na wengi walimtazama mdomo. Yeye alikuwa anauangalia upawa mkononi mwake.

Mzee Badu akainuka kwenye kiti chake. Akautoa mswaki.

"Zimeni hayo madude," alisema. "Dada yangu hakuyapenda."

Yakazimwa. Dansoaa akaweka mikono kichwani. Akaanza kuita. Jina la bibi akalitoa vizuri, jina la pili likakatika katikati, la tatu akalisahau kabisa, yeye asiyewahi kusahau. Akarudi nyuma, akaanza upya, akakwama palepale, akaishia kusema, "Mama, mama, mama," basi. Haikuwa mbolezi ya kusifiwa na mtu. Ua zima lilisimama kwa nguo nyeupe, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

Konadu akauweka upawa. Akakifungua kilemba chake cheupe, akakikunja, akakiweka juu ya kinu. Kisha akamwendea Dansoaa taratibu kama mgeni anavyoingia penye msiba, akainama, akampa mkono wa kulia.

"Dansoaa, mwanangu," alisema. "Nimesikia habari sasa hivi. Pole kwa kufiwa na mama."

Dansoaa akaupokea ule mkono kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mama mdogo," alijibu. "Nimefiwa."